Namna ya Kupima Hoja Pale "Haki za Binadamu" Zinapokutana na "Mila Yetu"

Swali la kama haki za binadamu ni za watu wote au hutegemea jamii halikai katika kumbi za vyuo vikuu peke yake. Huibuka katika kikao cha ukoo kinachogawa mashamba ya marehemu, katika mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, katika kipindi cha uraia, na mara nyingi zaidi katika simu za ndugu wanaobishana juu ya binti wa miaka kumi na sita aliyeposwa. Upande mmoja husema kwamba hiyo ni haki ya binadamu na haina mjadala. Upande wa pili hujibu kwamba hizo ni haki za Wazungu, sisi tuna mila zetu. Hapo mazungumzo hukatika, kwa sababu kila mmoja ametamka neno ambalo kwake ni kufuli.

Mwongozo huu ni wa mtu anayelazimika kukaa katikati ya mabishano hayo: mwalimu, mzee wa baraza, kiongozi wa kikundi cha mdahalo, au jamaa aliyeombwa kusuluhisha. Sitajifanya kwamba sina upande. Naamini zipo haki ambazo mtu anazo kwa sababu tu ni mtu, na kwamba haziishii mpakani. Naamini vilevile kwamba wengi wanaozitetea huzitetea vibaya, na kwamba anayesema "mila yetu" mara nyingi analinda jambo la maana, ingawa amelishika kwa upande unaomkata mtu mwingine. Kazi ya msuluhishi ni kulitoa jambo hilo lionekane, kisha kutazama nani anakatwa.

Tenganisha madai matatu yaliyofungwa pamoja

Mtu anaposema kwamba maadili hutegemea jamii, huwa amesema mambo matatu kwa pumzi moja, na inafaa umsaidie kuyatenganisha kabla ya kumjibu. La kwanza ni maelezo tu, kwamba jamii hutofautiana katika desturi na katika hukumu zao kuhusu jema na baya. La pili ni dai la kifalsafa, kwamba hakuna jema wala baya nje ya hukumu ya jamii, na kwa hiyo kusema "kitendo hiki ni kibaya" hakuna maana zaidi ya kusema "kwetu hakikubaliki". La tatu ni agizo, kwamba kwa sababu hiyo watu wa jamii moja wasiihukumu wala kuiingilia jamii nyingine.

Dai la kwanza ni la kweli, na mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam halihitaji ushahidi. Muislamu akifariki asubuhi, jamaa zake hufanya haraka azikwe siku hiyohiyo. Mluo akifia mjini, ndugu huchangishana hata kwa majuma kadhaa ili mwili urudi nyumbani kwa wazee wake. Mhindu wa mtaa huohuo huchomwa kwa moto. Ukitazama vitendo peke yake, utasema watu hawa hawana maadili ya pamoja kuhusu kifo, kwa maana anayemchoma baba yake angeonekana mkatili machoni pa jirani anayeona hata kuchelewesha maziko ni kumtesa maiti. Lakini muulize kila mmoja kwa nini anafanya hivyo, naye atakujibu kwamba marehemu anastahili heshima. Wanatofautiana juu ya namna ya kuitimiza heshima hiyo, na juu ya imani zao kuhusu kinachompata mtu akishakufa. Hili ni jambo la kukumbuka kila mara: tofauti ya desturi bado si tofauti ya maadili mpaka umechimba chini yake.

Hata pale ambapo tofauti ni ya kweli kabisa, dai la pili halizaliwi na la kwanza. Kwa karne nyingi watu walitofautiana juu ya chanzo cha malaria, na jina lenyewe limetokana na maneno ya Kitaliano yenye maana ya hewa mbaya. Kutofautiana kwao hakukuufanya ugonjwa huo ukose chanzo. Mfano huu hauthibitishi kwamba maadili huonekana kwa hadubini kama vimelea, na mbishi mzuri atakuambia hivyo mara moja. Unaonyesha tu kwamba kutofautiana peke yake si ushahidi wa kutokuwapo kwa ukweli. Anayetaka kulithibitisha dai la pili inambidi alete hoja nyingine.

Dai la tatu ndilo lenye kasoro kubwa zaidi, na ndilo linalopendwa zaidi. Kusema kwamba watu wote wanapaswa kuziheshimu mila za wengine ni kutunga kanuni ya maadili inayowafunga watu wote, yaani ni kufanya kilekile ambacho msemaji amesema hakiwezekani. Kama jema ni lile tu ambalo jamii husika imelikubali, basi jamii ambayo desturi yake ni kuteka nchi za wengine haikosei inapoziteka, ilimradi wenyewe wamekubaliana. Hapa utagundua jambo la kushangaza: katika vikao vingi, anayesema kwa ukali kwamba maadili ni ya kila jamii na yake ndiye pia mwenye uchungu mkubwa juu ya ukoloni. Uchungu huo ni wa haki. Lakini hauwezi kusimama juu ya msingi aliouchagua, kwa sababu anapomwambia Mwingereza au Mjerumani wa wakati ule kwamba alitenda uovu, hamwambii kwamba alitenda kinyume cha desturi za Wagogo au za Wangoni. Anamwambia kwamba alimkosea mtu. Mwonyeshe hilo kwa upole, na usilifanye goli la ushindi, kwa maana unamhitaji abaki mezani.

Uliza desturi inalinda nini, na nani anaulipia ulinzi huo

Hatua hii ndiyo yenye mavuno mengi, na mfano bora ninaoujua ni wa kwetu. Mwaka 1988, katika Wilaya ya Muleba mkoani Kagera, mwanamke wa Kihaya aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilolirithi kwa wosia wa baba yake. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake alikwenda Mahakama ya Mwanzo kudai kwamba mauzo hayo ni batili, naye alikuwa na kanuni iliyoandikwa mkononi: sheria ya mila kuhusu urithi, iliyotangazwa na serikali mwaka 1963, ilisema kwamba mwanamke anaweza kurithi, isipokuwa shamba la ukoo, ambalo aliruhusiwa kulitumia lakini si kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi. Mahakama ya Wilaya ikaipindua hukumu hiyo. Shauri likafika Mahakama Kuu mjini Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, naye akatoa hukumu mwaka 1990.

Wakati huo Tanzania ilikuwa imeingiza haki za msingi katika Katiba yake mwaka 1984, na mahakama zilikuwa zimeanza kuzisimamia mwaka 1988. Ibara ya 12 ya Katiba hiyo inasema, "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Jaji aliitazama kanuni ya mila kwa jicho la Katiba na la mikataba ya kimataifa ambayo nchi iliridhia, akaamua kwamba wanawake wana haki sawa na wanaume ya kulirithi na kuliuza shamba la ukoo. Wengi wanaoisimulia kesi hii huishia hapo, wakiifanya hadithi ya haki kuishinda mila. Huko ni kuikata mkia, kwa maana sehemu yenye mafunzo zaidi ni amri ya mwisho. Mahakama ilimpa yule jamaa wa ukoo muda wa miezi 6 kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi zile shilingi 300,000, na akishindwa, shamba liwe la mnunuzi.

Tazama kilichofanyika. Desturi ile ilikuwa inalinda jambo la maana: kwamba ardhi ambayo wazee walifia na kuzikwa humo isitoke mikononi mwa ukoo kwa sababu ya shida ya mtu mmoja ya mwaka mmoja. Mtu anayedharau lengo hilo haijui Kagera. Ila njia iliyotumika kulitimiza ilikuwa kumfunga mikono mwanamke peke yake, wakati ndugu yake wa kiume akiuza, kosa lake liliweza kurekebishwa kwa ukoo kulipa na kulikomboa shamba. Mahakama iliacha haki ya ukoo ya kukomboa, ikauondoa mzigo uliowekwa juu ya jinsia moja. Mila haikufutwa; iliambiwa ibebwe na wote.

Kwa hiyo mbele ya kila desturi inayobishaniwa, uliza maswali mawili kwa mpangilio huu. Inalinda nini? Je, kitu hicho kinaweza kulindwa bila kumtwisha mtu mmoja mzigo ambao wenzake hawautwishwi? Ukianza na swali la pili, mzee atakusikia unamtukana. Ukianza na la kwanza, atakueleza kwa kirefu, na mara nyingi katikati ya maelezo yake atalifikia la pili mwenyewe.

Lirudie sasa jambo la yule binti wa miaka kumi na sita. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Katika utetezi wa sheria ile, mila na dini vilitajwa. Uliza basi: mzazi anayemwoza binti mapema analinda nini? Atajibu heshima ya nyumba, usalama wa mtoto, pengine mahari ambayo itamsomesha kaka yake. Majibu mawili ya mwanzo yanastahili kujibiwa kwa uzito, kwa kutafuta shule iliyo karibu na njia salama ya kwenda na kurudi. La tatu linajijibu lenyewe mara tu likitamkwa kwa sauti mbele ya binti.

Isidhaniwe kwamba hukumu ikishatolewa mambo yamekwisha. Miaka 16 baada ya hukumu ya Mwanza, mwaka 2006, Mahakama Kuu hiyohiyo ilipoombwa izibatilishe kanuni za mila za mirathi kwa wajane na mabinti wa mahali pengine, ilikiri kwamba zinabagua lakini ikasita kuzifuta. Msuluhishi asiahidi kwamba sheria itamaliza kazi ambayo kikao hakijaianza.

Uliza "yetu" ni ya nani

Methali inayotajwa kuliko zote katika mjadala huu ni ile ya "Mwacha mila ni mtumwa". Inafaa kusimama kidogo kwenye neno lake la mwisho. Unguja ilikuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, kwa mkataba ambao Waingereza walimshinikiza Sultani Barghash autie saini, na hali ya utumwa kisheria ikaondolewa huko mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Anayesema kwamba jema ni lile lililokubaliwa na jamii inambidi aseme kwamba kumuuza mtu mnadani kulikuwa jambo jema mpaka siku ya tangazo. Lakini lugha inamkanusha. Watu walipotafuta neno la kueleza hali mbaya kuliko zote zinazoweza kumpata mtu aliyepoteza njia, walilichukua neno "mtumwa". Walijua. Jamii ambayo utumwa ulikuwa desturi yake ilijua kwamba utumwa ni maafa kwa anayepatwa nao, na yule aliyefungwa mnyororo alikuwa sehemu ya jamii hiyo, ingawa hakuna aliyemuuliza kama hiyo ni mila yake.

Ndiyo maana neno "yetu" linahitaji kuhesabiwa. Jamii haina mdomo mmoja. Kinachoitwa mila ya kabila mara nyingi ni kauli ya wale walioulizwa, na wakati mwingine tunaweza hata kumtaja aliyeuliza. Sheria za mila zilizotangazwa Tanganyika mwaka 1963 zilikusanywa kwa kazi iliyoongozwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa sosholojia wa serikali tangu enzi za Waingereza, na waliokaa naye kumweleza desturi walikuwa hasa wazee wa kiume. Sisemi kwamba walimdanganya. Nasema kwamba desturi iliyokuwa ikibadilika kila kizazi, ikijadiliwa na kulegezwa kulingana na mtu na hali, iligandishwa kwenye karatasi kwa sauti ya waliokuwapo. Anayeitetea leo kama urithi wa mababu anatetea, kwa sehemu, mswada wa ofisi.

Swali hilo lina upande wa pili, na kuuficha ni kukosa uaminifu. Mwaka 1929 wamisionari wa nyanda za juu za Kenya waliwadai waumini wa Kikuyu waikane tohara ya wanawake au waondoke kanisani. Watu wengi waliondoka, wakaanzisha shule na makanisa yao wenyewe, na ngoma ya Muthirigu iliyowakejeli wamisionari na serikali ikapigwa marufuku. Hiki kilikuwa kipindi ambacho ardhi ya Wakikuyu ilikuwa imechukuliwa na walowezi, na vijana walilazimishwa kubeba shingoni kipande, yaani kitambulisho cha kazi. Jomo Kenyatta, alipoandika kuhusu watu wake mwaka 1938, aliitetea desturi hiyo. Tukisoma mambo haya leo, tunaona jinsi kitendo kinachomwumiza msichana kilivyogeuzwa kuwa bendera ya ukombozi, kwa sababu tu aliyekipinga alikuwa na mkono mwingine juu ya shamba la baba yake. Kati ya mchungaji na mwanasiasa, msichana mwenyewe alikuwa uwanja wa vita. Sheria iliyokipiga marufuku kitendo hicho nchini Kenya kwa upana ilikuja mwaka 2011, nayo ilitungwa na bunge la Wakenya wenyewe baada ya miaka mingi ya kazi ya wanawake waliozaliwa ndani ya jamii hizohizo, wakiwamo waliowahi kukimbia kisu.

Katika utendaji, hatua hii ni nyepesi kueleza na ngumu kutekeleza. Kabla kikao hakijaanza, tazama nani amekaa wapi. Ukiona wote wanaosema "mila yetu" ni wale ambao mila hiyo haiwagusi mwilini wala mfukoni, na wale inaowagusa wako jikoni wakipika chakula cha kikao, ahirisha. Waombe wanaoguswa wazungumze kwanza, wakiwa peke yao ikibidi, na kile walichokisema kiletwe mezani bila jina la aliyekisema. Uliza pia kama mtu anaweza kuikataa desturi hiyo na bado akaendelea kuishi hapo, akioa, akiolewa, akizikwa na wenzake.

Mhoji pia anayesema "ya ulimwengu mzima"

Anayeleta haki za binadamu mezani naye anastahili maswali. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa na wanachama 58. Afrika yote iliwakilishwa na Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho ilikuwa mikononi mwa makaburu. Uingereza, Ufaransa na Ubelgiji ziliunga mkono maneno ya usawa huku zikitawala watu ambao hawakuulizwa. Kwa hiyo mzee anayesema "sisi hatukuwapo" anasema kweli, na jibu sahihi la kwanza ni kumkubalia. Hata wanaanthropolojia wa Marekani, kupitia chama chao, walikuwa wametoa onyo mwaka 1947 kwamba tamko hilo lisije likawa orodha ya maadili ya Ulaya na Marekani peke yake. (Chama hichohicho kilibadili mwelekeo mwaka 1999 kwa kutoa azimio la kuziunga mkono haki za binadamu.)

Ukishamkubalia, endelea na habari yenyewe, kwa maana haikuishia hapo. Hansa Mehta wa India ndiye aliyesimama kidete ili maneno ya Kiingereza yaliyoweza kusomwa kama "wanaume wote" yawe "binadamu wote". Peng Chun Chang wa China alipinga Tamko kujengwa juu ya falsafa ya Ulaya peke yake, akaleta dhana ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, ambayo herufi yake imeundwa kwa alama ya mtu na alama ya mbili, yaani mtu kwa kumhisi mwenzake. Mswahili anayesikia hivyo haoni ugeni wowote, kwa sababu amekua akiambiwa kwamba mtu ni watu. Dhana hiyo iliingia katika ibara ya kwanza kwa umbo dhaifu la neno "dhamiri", na nadhani tafsiri hiyo iliipunguzia mengi.

Siku ya kura, nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 8 hazikufungamana na upande wowote. Soma majina ya hizo 8 kwa makini kabla ya kuamini kwamba mpaka ulikuwa kati ya Magharibi na wengine. Saudi Arabia haikuridhika na ibara za ndoa na uhuru wa kubadili dini. Lakini Pakistan, kwa kauli ya waziri wake Muhammad Zafrulla Khan, iliutetea uhuru huohuo wa dini kwa hoja za Qurani. Waislamu wawili, kitabu kimoja, misimamo miwili: anayesema "dini yetu haikubali" inambidi aeleze anamsemea nani. Nchi sita nyingine zilikuwa za kambi ya Kisoshalisti. Ya nane ilikuwa Afrika Kusini, na sera yake baadaye ilitangazwa kwa maneno matamu, kwamba kila taifa lina utamaduni wake na liachwe liendelee kwa njia yake, kila moja mahali pake. Hoja ya "kila jamii na maadili yake" ilikuwa saruji ya Bantustani, yaani maeneo ambayo Waafrika walitengewa kikabila chini ya ubaguzi wa rangi. Kila ninaposikia hoja hiyo ikitolewa na mwenye nguvu, hili ndilo ninalolikumbuka.

Wale ambao hawakualikwa Paris waliyachukua maneno yale na kuyafanya yao. Julius Nyerere alikwenda New York mwaka 1955 mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuidai Tanganyika, na ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilikuwa kwamba binadamu wote ni ndugu zake na Afrika ni moja. Mwaka 1981, mjini Nairobi, wakuu wa nchi za Afrika waliupitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao uliongeza mambo ambayo Paris iliyagusa kwa mbali tu: haki za watu kama jamii nzima, na wajibu wa mtu kwa familia yake na taifa lake, katika ibara za 27 hadi 29. Mahakama inayousimamia iko Arusha. Mtu anaweza kuipenda au kuilaumu mahakama hiyo, lakini hawezi tena kusema kwamba haki hizi zote zimeletwa na meli.

Mhoji pia mtetezi wa haki juu ya jambo moja la ndani zaidi: je, anachokidai ni haki yenyewe, au ni namna moja tu ya kuitekeleza? Tazama adhabu ya kifo. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inakwenda kinyume cha Katiba ya Tanzania. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ya kikatili, lakini ikasema kwamba Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Mwaka huohuo wa 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliifuta, na majaji kadhaa waliegemea dhana ya ubuntu, yaani utu. Mahakama zote mbili zilikubali kwamba uhai na utu wa mfungwa ni vya kuheshimiwa. Zilitofautiana juu ya mipaka na juu ya nani aubebe mzigo wa kuihalalisha mipaka hiyo. Binafsi naiona hukumu ya Afrika Kusini kuwa ndiyo iliyolifuata neno utu mpaka mwisho wake. Hata hivyo, anayetofautiana nami hapa hajakuwa adui wa haki za binadamu, na msuluhishi asimruhusu yeyote kumwita hivyo.

Geuza mkuki

Waswahili husema, "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu." Ifanye methali hiyo kuwa kipimo. Mwambie kila upande auchukue msimamo wake na kuugeuzia kwake: mwenye mila ajiulize kama angeikubali kanuni hiyo kama angezaliwa upande unaobeba mzigo, na mwenye haki za binadamu ajiulize kama anazidai kwa ukali uleule dhidi ya serikali anayoipenda. Mwaka 1975 Tanzania ilisusia mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Kampala chini ya Idi Amin, wakati viongozi wengi waliona kwamba mauaji ya Uganda ni mambo ya ndani ya Uganda. Waliokuwa wakimlaumu kaburu kwa sauti kubwa walinyamaza muuaji alipokuwa Mwafrika. Kipimo hiki huchukua dakika tano, na ndicho kinachowaudhi watu zaidi.

Pale ambapo hatua zote hazitoshi

Lipo aina ya shauri ambalo litakushinda kulimaliza, na ni heri ulijue mapema. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa ombi la daktari mmoja wa kike aliyetaka ile sheria ya mwaka 2011 inayopiga marufuku tohara ya wanawake ibatilishwe, kwa hoja kwamba mwanamke mtu mzima ana haki ya kuamua juu ya mwili wake na haki ya kushiriki utamaduni wake. Mahakama iliona kwamba madhara ni makubwa na kwamba ridhaa inayotolewa chini ya shinikizo la jamii haiwezi kutegemewa. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini angalia kwamba hapa pande zote mbili zilizungumza kwa lugha ya haki: uhuru wa mtu mzima upande mmoja, ulinzi wa mwili upande wa pili. Hakuna upande uliosema "kwetu ni hivi, basi". Utakapofika hapo, swali la kama haki ni za watu wote limekwisha kujibiwa na wanaobishana wenyewe, na kilichobaki ni kazi ngumu zaidi ya kupima haki moja dhidi ya nyingine.

Usilazimishe kura. Andika katika daftari mambo ambayo wote wamekubaliana, hata yakiwa mawili tu, na chini yake yale wasiyokubaliana, kila moja kwa maneno ya yule anayelishikilia. Wasomee kwa sauti, warekebishe pale ulipowanukuu vibaya. Kisha pangeni siku ya kurudi, na muafikiane kabla ya kuachana ni msichana yupi, mjane yupi au kijana yupi kati ya wanaoguswa atakayekaa mezani siku hiyo, na nani atakayepika chakula badala yake.